Mgeni wa Bei ya Chini: Maduka Makubwa na Jiji la Chicago

Wahenga wetu walitwambia: mgeni njoo, mwenyeji apone. Na kwa kuwa walijua pia uzito wa wageni, wakaongeza kuwa mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hizi mbili aghalabu hutajwa mbalimbali, kama kwamba hazijuani. Ilhali mtu akiziweka pamoja hupata kanuni kamili ya ukarimu. Mgeni hupokewa kwa heri anayokuja nayo, kisha hutakiwa ashike kazi ya nyumba kama wenyeji wake. Katika makala haya tunakusudia kuitazama historia ya mgeni wa namna ya peke yake, nalo ni duka kubwa la bei ya chini, na jinsi lilivyoingia katika miji mikubwa ya Marekani. Tumelichagua jiji la Chicago kwa sababu huko mabishano yalidumu miaka mingi, yalipigiwa kura mara kadhaa, na matokeo yake yameonekana. Hoja yetu ni kwamba jiji lile lilijadili kwa kirefu masharti ya mgeni kuingia, likasahau kuuliza habari za kuondoka kwake.

Kwanza tueleze ni duka gani tunalolizungumza. Ni jengo mithili ya sanduku, aghalabu la ghorofa moja, kuta zake hazina madirisha, na upana wake huweza kuushinda uwanja wa mpira. Nje limezungukwa na kiwanja cha kuegesha magari. Ndani, chini ya paa moja, mna chakula, nguo, dawa, matairi, vyombo vya jikoni na vitu vya kuchezea watoto. Bei yake ni ya chini, na sababu zake si muujiza: duka hununua kwa wingi moja kwa moja kwa mwenye kiwanda, lina maghala yake na malori yake, linahesabu kila kitu kwa kompyuta, na ujira linaolipa umekuwa, kwa miaka mingi, miongoni mwa ujira wa chini.

Mwenendo huu una nasaba ndefu. Mwaka 1879 Frank Woolworth alifanikiwa kufungua katika mji wa Lancaster, jimbo la Pennsylvania, duka ambalo kila kitu ndani yake kiliuzwa kwa senti tano. Chicago yenyewe ilikuwa mama wa biashara kubwa za rejareja. Hapo ndipo ilipoanza kampuni ya Montgomery Ward mwaka 1872, iliyowauzia wakulima wa mbali kwa njia ya katalogi na posta. Na hapo ndipo ilipostawi Sears, Roebuck, ambayo mwanzoni mwa karne ya ishirini ilijenga makao makubwa katika mtaa wa North Lawndale, upande wa magharibi wa jiji. Kwa hiyo si kweli kwamba watu wa Chicago hawakulijua duka kubwa mpaka lilipowajia kutoka nje. Walilijua, na wengi wao walikuwa wamelifanyia kazi wao na wazee wao.

Wenye maduka madogo nao hawakukaa kimya. Katika miaka ya 1930 majimbo mengi yaliweka kodi maalumu juu ya kampuni zenye maduka mengi, na mwaka 1936 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya Robinson-Patman, ambayo shabaha yake ilikuwa kuwazuia wauzaji wa jumla wasimpe mnunuzi mkubwa bei ambayo mdogo hapewi. Mwaka uliofuata ikaja sheria nyingine iliyowaruhusu wenye viwanda kuweka bei ya mwisho ya bidhaa zao, ili asitokee wa kuuza chini yake. Sheria hii ya pili ilifutwa mwaka 1975. La kuzingatia hapa ni kwamba bei ya chini haikushuka kutoka mbinguni, wala haikuwa kazi ya werevu wa wafanyabiashara peke yao. Ilitanguliwa na mabadiliko ya sheria, na sheria hutungwa na watu.

Mwaka 1962 ndio mwaka wa uzazi wa maduka haya kwa sura tunayoijua. Katika mwaka huo mmoja zilifunguliwa Kmart ya kwanza huko Michigan, Target ya kwanza huko Minnesota, na mwezi wa Julai Sam Walton akafungua Walmart yake ya kwanza katika mji mdogo wa Rogers, Arkansas. Wenzake walikimbilia viunga vya miji mikubwa. Walton alikwenda kwenye miji midogo ya mashamba ambayo wakubwa waliidharau. Alijenga ghala, kisha akayapanga maduka yake kulizunguka, kila moja katika mwendo ambao lori huweza kuumaliza kwa siku moja. Hivyo aliijaza nchi ya kusini na ya kati kabla wakubwa hawajatanabahi. Alipofariki mwaka 1992, kampuni yake ilikuwa imezipita Sears na Kmart kwa mauzo. Ilipofika mwanzo wa karne hii ilikuwa ndiyo mwajiri mkubwa kuliko wote wa sekta binafsi nchini Marekani, na vijiji vya kuingia vilikuwa vimekwisha. Kilichobakia ni majiji.

Jiji, hata hivyo, si shamba. Katika jiji ardhi ni ghali na haba, wakaazi wengi hawana magari, vyama vya wafanyakazi vina nguvu, na kila kiwanja kina diwani wake anayekitolea kauli. Mwezi Aprili 2004 kampuni ilijaribu katika Inglewood, mji wa Weusi na Walatino ulio pembeni mwa Los Angeles. Baraza la mji lilipokataa, kampuni ilikusanya saini za wananchi na kuitisha kura, ikitaka ijenge bila ya kupitia taratibu za kawaida za mipango ya mji. Wapiga kura walikataa, takriban 60 kwa kila 100. Katika New York mpango wa kujenga duka katika eneo la Queens uliachwa mwaka 2005 baada ya upinzani, na jiji lile halikupata kuwa na duka la Walmart. Chicago ilichukua njia nyingine, na ndiyo maana kisa chake kina mafunzo zaidi.

Ili tuelewe kwa nini, hatuna budi kuyatazama maeneo ambayo mgeni aliyalenga. Upande wa magharibi na upande wa kusini wa Chicago ndizo sehemu walikofikia Weusi waliohama majimbo ya kusini kwa mamia ya maelfu, kuanzia Vita Vikuu vya Kwanza hadi miaka ya 1960. Mwaka 1966 Martin Luther King alikuja kuishi katika nyumba ya kupanga huko North Lawndale ili kuionesha dunia hali ya makaazi yao. Alipouawa Aprili 1968, ghadhabu ilizuka na sehemu kubwa ya maduka ya barabara ya Madison ikateketea kwa moto. Mengi hayakujengwa tena. Mwaka 1973 Sears ilihamishia ofisi zake kuu kwenye jengo refu la katikati ya jiji, na baadaye ikatoka jijini kabisa. Viwanda navyo vilifungwa kimoja baada ya kingine. Mtu wa mitaa hiyo alipotaka kununua mboga nzuri au viatu vya mtoto, ilimbidi asafiri hadi kwa wengine na kuiacha fedha yake huko.

Basi haishangazi kwamba mwaka 2004, kampuni ilipoomba kujenga katika eneo la Austin, kwenye North Avenue, mahali palipokuwa na kiwanda cha vipodozi cha Helene Curtis, walikuwepo watu wengi wa mtaa waliofurahi. Diwani wa eneo hilo, Emma Mitts, alisimama kidete kulitetea duka. Wachungaji wa makanisa waligawanyika. Waliounga mkono walisema kuwa kazi ya ujira mdogo ni bora kuliko ukosefu wa kazi, na kwamba si haki mtu mwenye maduka mlangoni kwake amchagulie asiye nayo. Waliopinga walisema kuwa umaskini wa mtaa usifanywe sababu ya kuwapa watu wake ujira ambao wengine wasingeukubali. Mwezi Mei 2004 Baraza la Jiji lilitoa kibali kwa duka la Austin na kulikataa lile la pili lililoombwa katika Chatham, upande wa kusini. Mwandishi wa historia hana haja ya kuwagawa watu hawa kuwa wema na wabaya. Pande zote mbili zilisema kweli, na kila upande ulikuwa na majirani zake wa kuwatetea.

Wakati huohuo kampuni ilijifunza kukaa mlangoni. Mwanzoni mwa 2006 ilifungua duka katika Evergreen Park, mji mdogo unaopakana na Chicago, hatua chache tu kutoka mpaka. Kampuni yenyewe ilitangaza kwamba watu wapatao 25,000 waliomba kazi zisizofika 400. Hesabu hiyo ilisomwa kwa namna mbili: wengine waliiona kuwa ushahidi wa neema, na wengine kuwa ushahidi wa dhiki. Lakini kodi ya mauzo ya duka hilo ilikwenda kwa mji jirani, na jambo hili liliwauma wakuu wa jiji.

Ndipo Baraza lilipojaribu kumpa mgeni jembe. Tarehe 26 Julai 2006, kwa kura 35 dhidi ya 14, lilipitisha sheria ndogo iliyoyahusu maduka yenye ukubwa wa futi za mraba 90,000 au zaidi, yaani takriban mita za mraba 8,400, ya kampuni zenye mauzo ya dola bilioni moja au zaidi kwa mwaka. Kampuni hizo zilitakiwa, ifikapo mwaka 2010, zilipe ujira usiopungua dola 10 kwa saa na marupurupu ya thamani ya dola 3. Meya Richard M. Daley, ambaye alikuwa madarakani tangu 1989, hakuwahi kabla ya hapo kutumia kura yake ya turufu. Mwezi Septemba aliitumia kwa mara ya kwanza, akadai kuwa sheria ile ingewafukuza wawekezaji na kuinyima kazi mitaa inayozihitaji zaidi. Madiwani walishindwa kupata kura za kutosha za kumpinga. Mwezi huohuo duka la Austin lilifunguliwa; na mwezi huohuo pia jina la Marshall Field's, duka kongwe la fahari ya Chicago, lilifutwa na mahali pake pakawekwa jina la kampuni ya New York. Watu wengi waliandamana kwa ajili ya jina lile. Jiji moja, kwa mwezi mmoja, lilipokea duka na likaomboleza duka.

Duka jipya lilileta nini? Bei zilishuka kwa waliokuwa na uwezo wa kulifikia, na hilo si jambo dogo kwa mama anayehesabu senti. Watafiti wa vyuo vikuu vya Chicago waliziorodhesha biashara 306 zilizokuwa katika eneo la kulizunguka. Walipozirudia mwaka 2008 walikuta 82 zimefungwa. Waliona kwamba biashara ilivyokuwa karibu zaidi na duka kubwa ndivyo hatari ya kufungwa ilivyozidi, na wakakadiria kuwa kazi zilizopotea zilikaribiana kwa idadi na kazi zilizoongezwa na duka lenyewe. Yaani kazi hazikuzaliwa wala hazikufa. Zilihama kutoka mikono mingi hadi mkono mmoja.

Msomaji wa pwani ataelewa tofauti hiyo bila ya takwimu. Anajua duka la mtaani ambapo sukari hupimwa robo, mafuta ya kupikia hununuliwa kidogo kidogo, na jina la mnunuzi huandikwa katika daftari hadi mwisho wa mwezi. Bei ya pale huwa juu kidogo, kwa sababu ndani yake mna malipo ya kuaminiwa. Duka kubwa halina daftari. Linamtaka mnunuzi aje na fedha taslimu, anunue kwa wingi, na awe na chombo cha kubebea. Kwa hiyo bei yake ya chini ina sharti ambalo halikuandikwa kwenye rafu, na maskini wa jiji ndiye anayeshindwa kulitimiza. Wala duka la mtaani si malaika. Lina ujanja wake wa mizani na bei zake za dhiki. Lakini mwenye duka hilo huishi karibu na wateja wake, na akitaka kufunga hulazimika kuwatazama usoni.

Mwaka 2010 hali ilikuwa imebadilika. Mtikisiko wa uchumi wa 2008 ulikuwa umewaacha wengi bila ya kazi, na Baraza lilelile lilipiga kura kwa kauli moja kuruhusu duka katika Pullman, kusini kabisa mwa jiji. Jina hilo halipitiki hivi hivi. Pullman ndio mji ambao George Pullman, mtengenezaji wa mabehewa ya kulala ya treni, aliujenga katika miaka ya 1880 kwa ajili ya wafanyakazi wake, akawa mwajiri wao na mwenye nyumba zao. Alipopunguza ujira bila ya kupunguza kodi ya nyumba, ulizuka mgomo wa 1894 ulioenea katika reli za nchi nzima hadi serikali ikatuma askari. Na Weusi waliohudumu ndani ya mabehewa yake waliunda mwaka 1925 chama kilichoongozwa na A. Philip Randolph, ambacho kilikuja kuwa nguzo ya harakati za haki zao. Mahali palipoufundisha ulimwengu hatari ya kumtegemea bwana mmoja kwa kila kitu ndipo palipofunguliwa, mwaka 2013, duka moja lenye kila kitu.

Suala la ujira lilipatiwa ufumbuzi kwa njia nyingine. Mwaka 2014 Baraza lilipitisha kima cha chini cha mshahara kwa waajiri kwa jumla, na kufikia Julai 2021 waajiri wakubwa walitakiwa kulipa dola 15 kwa saa. Jembe lililokataliwa kwa mgeni mmoja mwaka 2006 lilikuja kushikwa na wote. Yafaa tukiri kwamba waliopigania sheria ile ya kwanza hawakupoteza jasho lao bure.

Lakini hakuna sheria iliyogusa kuondoka. Tarehe 11 Aprili 2023 kampuni ilitangaza kwamba itafunga maduka manne kati ya manane iliyokuwa nayo Chicago. Ilieleza kwamba maduka yake ya jiji lile, yakichukuliwa pamoja, hayakuwahi kupata faida tangu la kwanza lilipofunguliwa karibu miaka 17 nyuma, na kwamba hasara ilikuwa mamilioni ya dola kila mwaka. Miongoni mwa yaliyofungwa lilikuwemo lile la Chatham, pamoja na zahanati na chuo cha mafunzo vilivyokuwa kando yake. Duka la Austin lilibaki. Siku chache tu baada ya tangazo, milango ilifungwa. Kuingia kulichukua miaka ya mijadala, kura na maandamano. Kutoka kulichukua wiki isiyotimia.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1988 humtaka mwajiri mkubwa awape wafanyakazi wake taarifa ya siku 60 kabla ya kufunga. Mfanyakazi amekumbukwa. Mkaazi wa mtaa, ambaye duka la jirani alilolizoea huenda lilikufa kwa ushindani na ambaye dawa zake za kila mwezi zilikuwa katika rafu za mgeni, hakukumbukwa. Wala haikuwa Chicago peke yake. Katika Washington, meya Vincent Gray aliizuia mwaka 2013 sheria ya ujira wa maduka makubwa, na hapo kampuni ikaendelea na ujenzi. Mwezi Januari 2016 ilitangaza kuwa haitajenga maduka mawili yaliyokusudiwa kwa mitaa maskini ya mashariki mwa mto Anacostia. Sheria ilikwisha zuiwa, na mawili katika maduka yaliyotarajiwa hayakuja.

Kisa hiki kina tawi katika nchi zetu. Mwaka 2011 Walmart ilinunua zaidi ya nusu ya hisa za Massmart ya Afrika Kusini, kampuni yenye maduka ya Game. Vyama vya wafanyakazi na serikali ya huko walikwenda mahakamani, na mwaka 2012 mahakama iliridhia ununuzi kwa masharti: wafanyakazi 503 walioachishwa warudishwe kazini, na uwekwe mfuko wa kuwasaidia wazalishaji wa ndani. Huko jembe lilitolewa mlangoni. Lakini Game ilikuwepo pia Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, na mwaka 2022 ilijitoa katika nchi zote tatu. Waliofunga hesabu hizo hawakuwa wakaazi wa Ubungo wala wa barabara ya Thika, na hakuna aliyetarajia wawe.

Hatusemi kwamba duka la kigeni lizuiwe, wala kwamba duka lenye hasara lilazimishwe kukaa. Biashara isiyo na faida hufungwa, liwe la mtaani au la ng'ambo. Tunasema kwamba mtaa unaompa mgeni ardhi yake, barabara zake na wateja wake una haki ya kujua, tangu siku ya kwanza, atauaga vipi: kwa taarifa ya muda gani, jengo litaachiwa nani, na je, muuza chakula mwingine ataruhusiwa kuingia humo? Haya huweza kuandikwa katika mkataba wakati ambapo mgeni bado anakihitaji kibali. Akishaingia, nguvu ya kuuliza hupungua, na akishafunga, haipo tena. Madiwani wa Chicago walibishana miaka mingi juu ya bei na ujira, na walikuwa na haki ya kubishana. Maswali haya hayakuwamo katika mabishano yao, na aliyekuja kuyajibu ni mgeni peke yake. Miji yetu ya pwani inaendelea kutoa viwanja na kukaribisha majina makubwa. Yafaa iulize mapema.